Ratiba ya Joto katika Kutengeneza Seramiki ya Kioo kwa Unga: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Seramiki ya kioo ni kioo kilichopashwa joto kwa mpango maalumu hadi sehemu yake kubwa ikageuka kuwa fuwele ndogondogo, huku sehemu iliyobaki ikiendelea kuwa kioo kinachozishika fuwele hizo pamoja. Kuna njia kuu mbili za kuitengeneza. Ya kwanza ni kumimina kioo kilichoyeyuka kwenye kalibu au kukibana kwa rola kiwe bamba, kukipoza, kisha kukipasha tena ili fuwele ziote ndani yake. Hivyo ndivyo yanavyotengenezwa mabamba meusi ya majiko ya umeme. Ya pili, ambayo ndiyo mwongozo huu unaishughulikia, ni kusaga kioo kuwa unga, kuushindilia unga huo upate umbo, na kuupasha mpaka chembe zishikane, vitundu vizibe na fuwele ziote. Kushikana huko kwa chembe pasipo kuyeyuka kabisa ndiko usintaji.

Tangu mwanzo, historia ya vitu hivi imekuwa historia ya joto. Mwaka 1739 Mfaransa René-Antoine de Réaumur alieleza jinsi chupa alizozifukia katika mchanga na jasi na kuzipasha kwa siku kadhaa zilivyogeuka kuwa kitu cheupe kinachofanana na kauri. Lakini kitu hicho kilikuwa dhaifu, kwa sababu hakuwa na njia ya kudhibiti mahali na wakati wa fuwele kuota. Mwaka 1953 Donald Stookey wa kampuni ya Corning, Marekani, alikusudia kupasha kipande cha kioo chenye lithiamu na fedha hadi karibu 600 °C, tanuri likapanda lenyewe hadi karibu 900 °C. Alitarajia kukuta kioo kimemwagika, akakuta bamba jeupe lililobaki na umbo lake, na lilipomponyoka na kuanguka sakafuni halikuvunjika. Muundo wa kioo ni sehemu tu ya habari. Nyingine ni halijoto, muda, na kasi ya kupanda kutoka hatua moja hadi nyingine.

Mambo mawili yanayoshindana ndani ya unga

Kioo hakina halijoto moja ya kuyeyuka. Kinapopashwa hulainika kidogo kidogo, na kipimo cha ulaini huo ni mnato, yaani jinsi kinavyokinza kutiririka. Kwa kioo cha kawaida cha chupa, ambacho kina takriban asilimia 72 ya silika, 13 hadi 14 ya oksaidi ya sodiamu na karibu 10 ya oksaidi ya kalsiamu, mnato huwa karibu paskali-sekunde 10¹² kwenye 550 °C, ambako ndiko mpito wa kioo hutokea, yaani kioo kigumu huanza kulainika. Karibu na 590 °C hushuka hadi 10¹⁰, karibu na 660 °C hadi 10⁸, na karibu na 700 °C hadi 10⁷. Kwa maneno mengine, kati ya 590 na 700 °C kupanda kwa nyuzi 35 hadi 40 tu hupunguza mnato mara kumi.

Kinachozivuta chembe pamoja ni mvutano wa uso, na huo haubadiliki sana na joto. Kwa kioo cha chupa ni karibu nyutoni 0.3 kwa mita. Mwaka 1945 mwanafizikia wa Kisovieti Yakov Frenkel alionyesha kwamba msinyao wa urefu mwanzoni mwa usintaji ni sawa na mara tatu ya mvutano wa uso ukizidishwa kwa muda, kisha ukagawanywa kwa mara nane ya mnato ukizidishwa kwa nusu kipenyo cha chembe. Hesabu hii inafaa kufanywa kwa mkono kabla ya kuwasha tanuri. Tuseme chembe zina nusu kipenyo cha mikroni 20, na umbo limeshindiliwa hadi asilimia 60 ya densiti kamili, kwa hiyo linahitaji kusinyaa karibu asilimia 16 kwa urefu ili vitundu vyote viishe. Kwenye 660 °C kazi hiyo huchukua karibu dakika 47. Kwenye 700 °C huchukua chini ya dakika 5. Kwenye 590 °C huchukua zaidi ya siku tatu. Kanuni ya Frenkel iliwekwa kwa chembe za duara na kwa hatua ya mwanzo tu, na chembe zilizosagwa zenye kingo kali husinta haraka kuliko inavyotabiri, lakini inatosha kukuonyesha uko karibu na eneo gani.

Mshindani wa usintaji ni ufuwelishaji. Katika unga, fuwele nyingi huanzia juu ya uso wa chembe, hasa penye kingo, mikwaruzo na vumbi. Zikishaota za kutosha huungana na kuwa gamba gumu linaloizunguka chembe yote, na hapo mtiririko husimama hata kama kioo kilichomo ndani ya gamba bado ni laini. Umbo hubaki na vitundu, na kuongeza joto hakusaidii tena au husaidia kidogo sana. Kwa hiyo kanuni inayotawala hatua zote zifuatazo ni moja: vitundu vizibe kwanza, fuwele zije baadaye.

Mfano bora wa mpangilio huo ni seramiki ya apatiti na wolastoniti (fuwele mbili za madini yenye kalsiamu) iliyoripotiwa mwaka 1982 na kikundi cha Tadashi Kokubo katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kwa ajili ya kuziba nafasi za mifupa. Unga wake ulioshindiliwa ulimaliza kusinyaa karibu na 830 °C, apatiti ikaanza kuota karibu na 870 °C na wolastoniti karibu na 900 °C, na kupashwa kuliishia 1050 °C. Kilichopatikana kilikuwa kitu kilichoshikamana, chenye fuwele ndogo zilizotawanyika kila mahali, na uimara wa kupindwa wa takriban megapaskali (MPa) 200, zaidi ya mara mbili ya ule wa kioo chake cha asili. Kioo hichohicho kilipopashwa kikiwa kipande kizima badala ya unga, wolastoniti iliota kama nyuzi kutoka usoni kuelekea ndani, na kipande kikapasuka. Muundo ulikuwa mmoja, matokeo mawili.

Mfano wa upande wa pili ni 45S5, kioo cha tiba kinachoshikamana na mfupa, alichokibuni Larry Hench katika Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1969. Mpito wake uko karibu na 550 °C, na fuwele zake za silikati ya sodiamu na kalsiamu huanza kuota muda mfupi tu baada ya kuvuka 600 °C. Nafasi kati ya kulainika na kufuwelika ni nyembamba mno, na ndiyo sababu ni vigumu sana kukisinta hadi vitundu viishe. Kioo cha chupa kiko katikati: kinafuwelika polepole, kwa hiyo kinampa mwanafunzi nafasi ya kukosea, na ndicho ninachopendekeza kuanzia.

Hatua ya kwanza: kagua tanuri kabla ya kioo

Kwa kuwa nyuzi 40 hubadilisha mnato mara kumi, tanuri linalodanganya kwa nyuzi 30 litaharibu kila hitimisho utakalolifikia. Namba inayoonekana kwenye kidhibiti ni ya mahali ilipo ncha ya waya wa kupimia joto, na mahali hapo mara nyingi ni juu au nyuma, si pale utakapoweka sampuli. Weka waya wa pili karibu kabisa na mahali pa sampuli na ulinganishe namba hizo mbili wakati wa kupanda na wakati wa kushikilia. Kama huna waya wa pili, tumia chumvi safi ya sodiamu kloridi, ambayo huyeyuka kwenye 801 °C: weka punje chache katika kikombe kidogo cha kauri chenye mfuniko, tanuri likiwa halina kitu kingine, pandisha hadi 795 °C, shikilia dakika 20, poza na uangalie, kisha rudia kwa 807 °C. Mfuniko ni wa lazima, kwa sababu mvuke wa chumvi hula nyaya za tanuri. Waya wa aina ya K hubadilika kadiri unavyotumika kwenye joto kubwa, hivyo ukaguzi huu urudiwe mara kwa mara.

Hatua ya pili: andaa unga

Osha chupa, ondoa lebo na gundi, tenganisha rangi, kisha vunja na usage. Rangi moja iwe ya jaribio moja, kwa kuwa chuma kilichomo katika kioo cha kahawia au kijani huathiri ufuwelishaji. Saga kwa kinu chenye mipira ya seramiki, si ya chuma. Ukilazimika kutumia chuma, pitisha sumaku katika unga mkavu mara kadhaa. Usisage kioo cha chupa ndani ya maji kwa muda mrefu, kwa sababu maji huchukua sodiamu kutoka kwenye uso wa chembe, na uso uliobadilika hivyo hausinti wala haufuweliki kama ule mpya. Kwa 45S5 onyo hili ni kali zaidi, kwani kioo hicho kimeundwa ili kimenyuke na majimaji ya mwili.

Chekecha kwa chekeche la mikroni 45 au 63, na uandike ni lipi. Chembe ndogo husinta haraka kwa uwiano wa moja kwa moja: nusu kipenyo kikipungua mara mbili, muda nao hupungua mara mbili. Muda wa gamba la fuwele kufunika uso wa chembe, kwa upande mwingine, hautegemei sana ukubwa wa chembe bali wingi wa viini, yaani vianzio vya fuwele, vilivyo juu ya uso na kasi ya fuwele kukua. Kwa sababu hiyo unga laini huupa usintaji nafasi ya kutangulia. Faida hiyo ina mpaka: kusaga kupita kiasi huongeza uchafu na mikwaruzo, na vyote viwili huongeza viini.

Kuna bidhaa ambazo kwa makusudi hutumia punje kubwa. Mabamba ya kujengea yanayoitwa Neopariés, yaliyobuniwa na kampuni ya Nippon Electric Glass ya Japani, hutengenezwa kwa punje za kioo za ukubwa wa milimita kadhaa zinazotandazwa katika kalibu na kupashwa hadi karibu 1100 °C. Punje huungana, kisha wolastoniti huota kutoka kwenye mipaka ya punje kuelekea ndani, na mipaka hiyo ndiyo inayolipa bamba sura ya marumaru.

Vaa barakoa ya vumbi na miwani muda wote wa kusaga na kuchekecha, na futa meza kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia.

Hatua ya tatu: shindilia na upime

Changanya unga na gundi kidogo, kwa mfano mmumunyo wa pombe ya polivinili katika kiasi cha kutosha kubakiza asilimia 1 hadi 2 ya gundi kavu, kausha mpaka uwe na unyevu wa kushikika tu, kisha shindilia kwa jeki ya haidroli katika kalibu ya chuma kwa MPa 30 hadi 50. Vidonge vya kipenyo cha milimita 13 hadi 20 na unene wa milimita 4 hadi 5 vinafaa kwa majaribio. Tengeneza vingi kwa wakati mmoja kutoka unga mmoja, kwani kulinganisha vidonge vya unga tofauti ni kupoteza wakati.

Kausha kwa 110 °C usiku mzima. Pima kila kidonge uzito, kipenyo na unene, na uandike namba yake kwa penseli. Densiti ya kidonge kibichi iwe kati ya asilimia 55 na 60 ya densiti ya kioo, ambayo kwa chupa ni karibu 2.5 g/cm³. Kidonge kilichotofautiana na wenzake kwa zaidi ya asilimia 2 kiweke kando.

Hatua ya nne: choma gundi kabla kioo hakijaanza kulainika

Panda kwa nyuzi 2 kwa dakika hadi 450 °C na ushikilie saa moja, tanuri likipitisha hewa. Gundi lazima iwe imekwisha kabisa kabla ya kufika 550 °C, kwa sababu kaboni iliyofungiwa ndani ya kioo kinacholainika hugeuka gesi baadaye na kuvimbisha kidonge. Dalili yake ni moyo wa kijivu unaoonekana ukivunja kidonge katikati. Ukiuona, ongeza muda wa kushikilia hapa. Usiguse hatua nyingine yoyote ya ratiba.

Hatua ya tano: tafuta eneo la usintaji

Maabara yenye vifaa hutumia dilatomita kupima msinyao na kipimo cha tofauti ya joto kuonyesha fuwele zinapoota. Asiye navyo anaweza kupata karibu habari ileile kwa vidonge kumi na kimoja na subira. Weka kila kidonge juu ya tabaka jembamba la unga wa alumina au wa kaolini, mfano wa ile inayopatikana Pugu karibu na Dar es Salaam, ili kisigande kwenye kigae cha tanuri. Pandisha kwa nyuzi 10 kwa dakika hadi 600 °C, shikilia dakika 30, poza, pima. Rudia kwa kidonge kipya kwenye 625, 650, 675 na kuendelea hadi 850 °C. Kisha chora grafu ya msinyao dhidi ya halijoto.

Kwa kioo cha chupa cha chini ya mikroni 45 utaona mstari unaoanza karibu bapa, unapanda ghafla kati ya 640 na 700 °C, unafika kilele, kisha unashuka tena. Mteremko huo wa mwisho huwashangaza wengi. Vitundu vilivyobaki vina gesi iliyofungiwa. Kioo kikilainika zaidi, gesi hutanuka, vitundu vidogo huungana kuwa vikubwa, na kidonge huvimba. Kwa hiyo joto zaidi si densiti zaidi. Halijoto ya kufanyia kazi ichaguliwe kwenye upande wa kupanda, nyuzi 10 hadi 20 kabla ya kilele, pamoja na muda mrefu kidogo, kwa sababu hapo kosa dogo la tanuri haliharibu kitu.

Kioo kinachofuwelika upesi hutoa grafu ya namna nyingine: hupanda, kisha husimama kabla ya kufika msinyao kamili, na hubaki bapa kwa nyuzi nyingi. Kituo hicho ni gamba la fuwele. Vikiendelea kupashwa hadi juu sana, baadhi ya vioo husinyaa tena kwa awamu ya pili, kama 45S5 inavyofanya, lakini hapo fuwele zimeshakua na si za ukubwa ulioukusudia.

Hatua ya sita: jaribu kasi ya kupanda

Hii ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye habari nyingi kuliko zote. Chukua vidonge vitatu vya unga mmoja. Baada ya kuchoma gundi, kimoja kipashwe kwa kasi ya nyuzi 2 kwa dakika, cha pili kwa 10, cha tatu kwa 20, vyote vifike halijoto ileile na vishikiliwe muda uleule. Pima densiti.

Densiti ikiongezeka kadiri kasi inavyoongezeka, jibu ni kwamba fuwele zinakutangulia. Kupanda polepole kunakiweka kioo kwa muda mrefu katika eneo lililo juu kidogo ya mpito, ambako viini huzaliwa na fuwele huanza kufunika uso ilhali mnato bado ni mkubwa mno kwa chembe kutiririka. Kupanda haraka hulivuka eneo hilo na kukifikisha kioo mahali kilipo laini kabla gamba halijafungana. Mwaka 1957 Homer Kissinger alionyesha jinsi kilele cha mabadiliko ya namna hii kinavyosogea juu kasi ikiongezeka, na jinsi ya kupata nishati ya uamilishaji, yaani nishati inayohitajika ili mabadiliko yaanze, kutokana na kusogea huko.

Densiti isipobadilika, usintaji ulikuwa na muda wa kutosha tangu mwanzo, na unaweza kuchagua kasi inayolifaa tanuri lako. Densiti ikipungua kasi ikiongezeka, vunja kidonge uangalie: kama ukingo umeshikana vizuri na katikati kuna vitundu, sehemu ya nje ilizibwa kabla joto halijafika ndani, na gesi ikakosa pa kutokea. Dawa yake ni kidonge chembamba zaidi au kasi ya kati, ambayo kwa vidonge vya milimita 5 kwa kawaida hupatikana kati ya nyuzi 5 na 10.

Hatua ya saba: shikilia kwa usintaji, kisha panda kwa fuwele

Baada ya kujua halijoto na kasi, tafuta muda: dakika 10, 30, 60 na 120 kwenye halijoto ileile. Simama pale densiti inapoacha kuongezeka. Kuendelea kushikilia baada ya hapo hakuleti faida, na kwa vioo vingi hukuza vitundu.

Ndipo upande hadi halijoto ya fuwele. Kwa vioo vinavyomiminwa vikiwa vizima, kama vya mfumo wa lithiamu, alumina na silika vinavyotiwa oksaidi ya titani na ya zirkoni, kuna kituo cha viini kwanza, kwa kawaida makumi machache ya nyuzi juu ya mpito, halafu kituo cha kukuza fuwele. Huko ndiko joto linapoonyesha uwezo wake juu ya muundo: kwenye 850 hadi 900 °C huota fuwele za aina ya kwatzi-beta zilizo ndogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga, na bamba hubaki angavu, bamba hilohilo likipashwa kupita 1000 °C, fuwele hugeuka kuwa za aina ya spodumeni-beta, hukua, na bamba huwa jeupe lisilopitisha taswira. Katika unga, nyuso za chembe zenyewe ni viini vya kutosha, na kituo cha viini kabla ya usintaji mara nyingi huleta madhara tu. Kiondoe kwenye ratiba isipokuwa una ushahidi wa kukihitaji.

Kwa kioo cha chupa, panda kwa nyuzi 5 kwa dakika hadi kati ya 850 na 950 °C na ushikilie saa moja hadi nne. Fuwele zitakazoota ni devitriti, wolastoniti na, katika baadhi ya hali, kristobaliti, ambayo ni fuwele ya silika. Tahadhari: mnato kwenye halijoto hizi ni mdogo, kidonge hupoteza kingo zake na kulala kabla fuwele hazijatosha kukishika. Hii ndiyo sababu kioo cha chupa peke yake ni mwalimu mzuri wa usintaji lakini si malighafi nzuri ya seramiki yenye fuwele nyingi. Ukitaka fuwele zaidi, badilisha muundo kwa kuongeza chokaa na magnesia ili kuelekea diopsidi (fuwele ya silikati ya kalsiamu na magnesiamu) au wolastoniti, na uanze upya kutoka hatua ya tano, kwa sababu eneo la usintaji litakuwa limehama.

Hatua ya nane: poza

Sehemu ya kioo iliyobaki kati ya fuwele hubeba mkazo kama kioo kingine chochote. Shuka kwa nyuzi 5 kwa dakika hadi karibu 550 °C, shikilia dakika 30, kisha shuka kwa nyuzi 1 hadi 2 kwa dakika hadi 450 °C, ndipo tanuri lipoe lenyewe likiwa limefungwa. Ikiwa kuna kristobaliti, eneo la hatari liko chini zaidi, kati ya 270 na 200 °C, ambako fuwele hiyo hubadili umbo lake la ndani na kusinyaa ghafla. Nyufa nyembamba zilizotapakaa kwenye kidonge kilichoonekana kizima kikiwa bado cha moto zinatokana na mabadiliko hayo. Usifungue mlango kabla ya 150 °C.

Hatua ya tisa: pima na usome kidonge

Chemsha kidonge katika maji kwa saa mbili, kiache kipoe humo, kisha pima uzito mkavu, uzito kikiwa kimeloa na kufutwa juu, na uzito kikiwa kimening'inia ndani ya maji. Densiti ni uzito mkavu ukigawanywa kwa tofauti ya uzito wa kuloa na wa ndani ya maji, mara densiti ya maji. Vitundu vilivyo wazi ni tofauti ya uzito wa kuloa na mkavu ikigawanywa kwa tofauti hiyohiyo.

Kuna mtego hapa. Fuwele nyingi zina densiti kubwa kuliko kioo zilikotoka: diopsidi ni karibu 3.3 g/cm³, ilhali kioo chenye muundo huohuo hakifiki 2.9. Ukilinganisha kidonge kilichofuwelika na densiti ya kioo utapata jibu linalopendeza lisilo la kweli. Zaidi ya hayo, msinyao huo wa fuwele huzaa vitundu vipya ndani ya kitu kilichokwisha kuziba. Saga kidonge kimoja kilichokamilika kuwa unga laini, pima densiti ya unga huo, na utumie namba hiyo kuwa kipimo cha asilimia 100.

Kisha vunja kidonge na usome mpasuko kwa lenzi ya mara 10 au hadubini. Vitundu vya duara vilivyotengana, vyenye kuta zinazong'aa, vinasema kioo kilitiririka vizuri na pengine kupita kiasi. Vitundu vyenye pembe, vilivyounganika, vikifuata umbo la chembe za mwanzo, vinasema mtiririko ulikatizwa. Weka tone la wino kwenye mpasuko: likisambaa, vitundu vimeungana, likibaki na ukingo mkali, vimefungwa. Ukingo mweupe usiong'aa unaozunguka moyo unaong'aa unaonyesha fuwele zilizoanzia usoni mwa kidonge kizima. Aina ya fuwele hujulikana kwa uhakika kwa kipimo cha mtawanyiko wa eksirei (XRD), na vyuo vikuu vingi vyenye idara ya jiolojia au ya uhandisi wa madini vina mashine hiyo. Peleka gramu mbili za unga pamoja na rekodi ya ratiba yako.

Hatua ya kumi: kutoka kidonge hadi kigae

Ratiba iliyofaulu kwa kidonge cha milimita 5 haihamishiki moja kwa moja kwenye kigae cha milimita 15. Muda wa joto kupenya huongezeka kwa mraba wa unene, kwa hiyo kigae kilicho nene mara tatu huhitaji takriban mara tisa ya muda huo ili katikati yake pawe sawa na nje. Kwa kioo kisichofuwelika upesi, punguza kasi hadi nyuzi 2 au 3 kwa dakika na uweke kituo cha ziada cha dakika 30 hadi 60 nyuzi chache chini ya mwanzo wa msinyao, karibu na 600 °C kwa kioo cha chupa, ili kigae chote kilingane kabla vitundu havijaanza kuziba. Kwa kioo kinachofuwelika upesi kituo hicho ni hatari, maana kinakaa palepale viini vinapozaliwa. Hapo ni afadhali kupunguza unene wa kigae, au kusogeza kituo chini ya halijoto ya mpito, na kuvuka eneo la viini kwa kasi kubwa kadiri tanuri linavyoruhusu. Kata kigae cha kwanza katikati kabla ya kutengeneza cha pili, na upime densiti ya kipande cha ukingoni na cha katikati kila kimoja peke yake. Tofauti yao ikizidi asilimia 2, rekebisha kituo cha kusawazisha joto kwanza, halijoto ya juu ibaki kama ilivyo.